Swali P na Malori ya Usiku

Novemba 1974, wakazi wa Baltimore katika jimbo la Maryland walikwenda kupiga kura, wakakuta chini ya majina ya wagombea orodha ya maswali yaliyopangwa kwa herufi. Swali P liliwataka waamue kama katiba ya mji iongezwe kifungu: uwanja wa Memorial, uliokuwa Mtaa wa 33, ubaki kuwa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, na fedha za mji zisitumike kujenga uwanja mwingine wowote. Aliyelisukuma swali hilo ni Hyman Pressman, mdhibiti wa hesabu za mji, bwana mmoja aliyependa kutunga vishairi vya utani na kupekua kila senti ya umma. Jimbo lilikuwa na mpango wa kujenga uwanja mkubwa wenye paa karibu na kituo cha zamani cha reli cha Camden. Pressman hakutaka hata kuusikia. Asilimia 56 ya wapiga kura walikubaliana naye.

Jibu lilikuwa wazi kabisa. Miaka 13 baadaye, wananchi wa Maryland walipoomba waulizwe tena, mahakama ilikataa.

Msomaji aliyekulia kwenye ushabiki wa Simba na Yanga atashangaa kwa nini uwanja upigiwe kura kama katiba. Klabu zetu zina wanachama, zina kadi, zina makao makuu ambayo kila dereva wa daladala anayajua. Hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaihamishia Yanga Mwanza. Marekani mambo ni tofauti. Timu ya ligi kuu kwa kawaida ni mali ya mtu, kama lilivyo basi lake, na ligi ni chama cha wenye mabasi. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Mji usio na timu hauwezi kuanzisha ya kwake mtaani ikapanda ngazi kwa ngazi hadi juu. Lazima usubiri wenye timu waamue kuongeza nafasi, au uchukue timu ya mji mwingine. Mwaka 1984 ligi ya NFL, ile ya futiboli ya Kimarekani yenye kofia ngumu na mpira wenye umbo la embe, ilikuwa na timu 28 tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 230. Uchache huo ulilindwa na wenye timu, na ndio unaoeleza karibu kila kilichotokea baadaye.

Baltimore yenyewe haikuwa na mikono misafi. Timu yake ya besiboli, Orioles, iliwasili mwaka 1954 kutoka St. Louis, ambako ilikuwa ikiitwa Browns. Mwaka mmoja kabla, Braves walikuwa wameihama Boston na kwenda Milwaukee, kwa sababu Milwaukee ilikuwa na uwanja mpya uliojengwa kwa fedha za umma, umekaa tayari kama nyumba iliyopakwa rangi ikimngoja mpangaji. Wenye timu wengine waliona hayo na hawakuyasahau.

Lakini timu iliyoingia kwenye damu ya Baltimore ni Colts, ya futiboli, iliyoanza kucheza hapo mwaka 1953. Desemba 1958 iliwafunga New York Giants 23 kwa 17 katika fainali iliyokwenda hadi muda wa nyongeza, kwenye uwanja wa Yankee na mbele ya kamera za televisheni. Wengi hutaja mechi hiyo kuwa ndiyo iliyoifanya futiboli mchezo wa taifa zima. Kiongozi wa mashambulizi alikuwa Johnny Unitas, mwenye viatu virefu vyeusi na nywele zilizokatwa kijeshi. Wachezaji wa enzi hiyo hawakuwa matajiri. Msimu ukiisha walifanya kazi nyingine, wakaishi mitaa ileile ya mashabiki wao, na mtoto wa Baltimore angeweza kukutana na shujaa wake dukani akinunua mkate.

Mwenye timu alikuwa Carroll Rosenbloom. Mwaka 1972, akiwa amechoshwa na Baltimore, alipanga mbinu ambayo hadi leo wahasibu huisimulia kwa heshima. Robert Irsay, mkandarasi wa viyoyozi na mifumo ya kupasha majengo joto kutoka Chicago, alinunua timu ya Los Angeles Rams kwa dola milioni 19, kisha wawili hao wakabadilishana timu kama watu wanaobadilishana mashati. Kwa kuwa hakukuwa na mauzo, hakukuwa na faida ya kutozwa kodi. Rosenbloom akaondoka na Rams, Irsay akabaki na Colts, na mtoza kodi wa serikali kuu akabaki ameshika kalamu. Mwaka uliofuata Unitas aliuzwa San Diego.

Uwanja wa Memorial ulikuwa wa mji, na ulikuwa umechakaa. Vyoo havikutosha, viti vingine vilikuwa mabenchi, nguzo zilizuia watu kuona, na timu ya futiboli na ya besiboli zilikabana humo humo. Mkasa wake maarufu ni wa Desemba 19, 1976. Dakika chache baada ya Colts kupigwa na Pittsburgh 40 kwa 14, ndege ndogo ilianguka juu ya viti vya ghorofa ya juu. Kwa kipigo hicho mashabiki walikuwa wameshaondoka mapema, na hakuna aliyeuawa. Watu wa Baltimore husema ni mara pekee ambapo kufungwa vibaya kuliokoa roho za watu.

Irsay alitaka uwanja mpya. Kifungu cha Pressman kiliuzuia mji kutumia fedha zake, na jimbo nalo lilisitasita. Basi akaanza kuizungusha timu kama mchumba: Phoenix, Memphis, Jacksonville. Mwaka 1979 Jacksonville iliwajaza makumi ya maelfu ya watu kwenye uwanja wake mtupu ili wamshangilie mtu huyo akishuka kwa helikopta. Kila aliporudi Baltimore alikana kwamba anahama. Januari 1984 alikana kwa sauti ya juu na kwa matusi, mbele ya waandishi wa habari kwenye uwanja wa ndege, huku meya wa Baltimore, William Donald Schaefer, amesimama pembeni.

Wakati huo Indianapolis ilikuwa inamaliza kujenga nyumba isiyo na mpangaji.

Meya William Hudnut, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeingia siasa, aliongoza mji uliojulikana nje kwa jambo moja tu, mbio za magari za kila Mei. Yeye na wafanyabiashara wa mji waliamua kuufufua kwa michezo. Mwaka 1982 walianza kujenga Hoosier Dome, ukumbi wa watu wapatao 60,000 wenye paa la kitambaa lililoinuliwa kwa nguvu ya hewa. Gharama ilikuwa karibu dola milioni 78. Dola milioni 30 zilitoka kwa taasisi mbili za hisani, kubwa ikiwa Lilly Endowment, na zilizobaki zilikopwa kwa hati fungani ambazo zingelipwa kwa kodi ya asilimia 1 kwenye chakula na vinywaji vya mikahawa ya kaunti. Kila aliyekula kipande cha kuku Indianapolis aliilipia timu ambayo haikuwepo. Ulikuwa mchezo wa kamari, lakini Hudnut alikuwa ameusoma mchezo wenyewe: kwenye soko lenye timu 28, mwenye nyumba tupu ndiye hupigiwa simu.

Baltimore nayo ilitoa ahadi za mkopo na dhamana ya tiketi. Kisha ikafanya kosa ambalo mtu wa mbali huliona ni la haki kabisa. Mwaka 1982 Al Davis alikuwa ameihamisha timu yake ya Raiders kutoka Oakland hadi Los Angeles baada ya kuishinda NFL mahakamani kwa hoja ya sheria za ushindani. Oakland ikajibu kwa silaha isiyotarajiwa: sheria ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma, ileile ambayo serikali huitumia kuchukua shamba la mtu ili ipitishe barabara. Mahakama Kuu ya California ikasema kwamba kimsingi hata timu, mali isiyoshikika, inaweza kutwaliwa. (Oakland ilikuja kushindwa baadaye kwa hoja nyingine.) Wanasiasa wa Maryland wakaidandia hoja hiyo. Machi 27, 1984, Seneti ya jimbo ilipitisha muswada wa kuipa Baltimore mamlaka ya kuitwaa Colts.

Irsay aliambiwa na wanasheria wake kwamba akichelewa siku moja atabaki bila timu. Hudnut alimpigia simu jirani yake, aliyekuwa mkuu wa Mayflower, kampuni ya kuhamisha vyombo vya nyumbani yenye makao yake huko huko Indiana. Usiku wa kuamkia Machi 29, malori yapatayo 15 yalifika kwenye kambi ya mazoezi ya Owings Mills, nje ya Baltimore. Ilikuwa ikinyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Wabebaji wakapakia kofia, jezi, mizani, meza za ofisi, kanda za mechi, makabati ya mafaili. Madereva waliambiwa wafuate njia tofauti, ili polisi wa Maryland wakijaribu kuwazuia wasiwapate wote. Walipouvuka mpaka wa Indiana walikuta polisi wa jimbo hilo wakiwasubiri, si kuwakamata bali kuwasindikiza.

Gavana Harry Hughes alitia saini sheria siku hiyohiyo. Hakukuwa na cha kutwaa. Kesi iliendelea hadi Desemba 1985, na kiini chake kilikuwa swali ambalo mwanafalsafa angelifurahia: timu iko wapi? Ni kofia zilizomo kwenye lori, ni mikataba ya wachezaji, ni jina, ni kiti mezani pa ligi? Jaji wa mahakama ya shirikisho alisema, hata kiwe kitu gani, sheria ilipofika kilikuwa kimeshatoka Maryland. Indianapolis, kwa upande wake, ilipokea maombi ya tiketi za msimu 143,000 ndani ya wiki mbili.

Kitu kimoja hakikupakiwa. Sare za bendi ya Colts, kundi la wapiga matarumbeta na ngoma wa kujitolea, zilikuwa kwa dobi usiku ule. Wanabendi walipata habari kabla timu haijazikumbuka, wakazichukua, wakazificha ndani ya jengo la makaburi hadi mambo yatulie. Kisha wakaendelea kupiga. Kwa miaka 12 bendi ya Colts ya Baltimore ilipita kwenye magwaride na kutumbuiza nusu ya mchezo kwenye viwanja vya timu za watu wengine, ikiwa bendi ya timu isiyokuwepo. Ninapoisoma historia hii yote ya mabilioni, hao ndio watu pekee ninaowaonea wivu.

Schaefer hakusahau ile asubuhi aliyoamka mji ukiwa umeibiwa. Januari 1987 aliapishwa kuwa gavana wa Maryland, na hofu iliyomtawala ilikuwa kwamba Orioles nao wangepakiwa. Mwenye timu hiyo alikuwa mwanasheria wa Washington, Edward Bennett Williams, na Washington ni mwendo wa saa moja tu. Jimbo lilishaunda mamlaka ya viwanja mwaka 1986. Sasa bunge likaidhinisha si uwanja mmoja bali viwili, wa besiboli na wa futiboli, vikae Camden, palepale ambapo Swali P lilikuwa limepazuia. Bendi ilikwenda Annapolis kupiga muziki kwenye ngazi za bunge. Katazo la 1974 lilihusu fedha za mji, na hizi zilikuwa za jimbo: bahati nasibu yenye mada za michezo. Wapinzani walikusanya saini za kutaka kura ya maoni, na mahakama ya rufani ya Maryland ikaamua kwamba sheria za kutenga fedha hazipigiwi kura na wananchi. Mlango ukafungwa.

Uwanja wa Camden Yards ulifunguliwa Aprili 1992, na lazima nikiri kwamba ni mzuri. Matofali mekundu, ghala refu la reli lililoachwa lisimame nyuma ya uwanja, barabara ya zamani ikapita katikati yake. Baba wa Babe Ruth, mchezaji wa besiboli mashuhuri kuliko wote, aliwahi kuwa na baa mahali ambapo sasa ni nyasi. Kila mji Marekani ulitaka wa kwake mfano wa huo. Wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist waliufanyia hesabu kwenye kitabu walichokihariri mwaka 1997. Uwanja huo ulivutia wageni kuliko karibu wowote, theluthi ya watazamaji wakitoka nje ya eneo la Baltimore, na bado faida halisi kwa uchumi wa eneo hilo ilikuwa karibu dola milioni 3 kwa mwaka, kwa uwekezaji wa umma wa dola milioni 200. Fedha inayotumika uwanjani, kwa sehemu kubwa, ni ileile ambayo ingetumika sinema au kwenye mgahawa wa mtaani. Imehama mfuko tu.

Uwanja wa pili ulikuwa umeidhinishwa lakini haujajengwa, ukisubiri mpangaji. Mwaka 1993 NFL iliongeza timu mbili, Baltimore ikaomba, na nafasi zikaenda Charlotte na Jacksonville, Jacksonville ileile ya helikopta. Kamishna wa ligi, Paul Tagliabue, aligusia kwamba kuna miji ambayo fedha hizo ingezijengea jumba la makumbusho. Kauli hiyo iliuchoma mji kuliko kunyimwa kwenyewe. Kuanzia hapo Baltimore iliacha kuomba. Ilikuwa na idhini ya dola milioni 200, ilikuwa na kinyongo, na sasa ilikuwa imejifunza kutoka kwa Indianapolis jinsi ya kungoja simu.

Simu ilitoka Cleveland.

Art Modell, mtu wa matangazo kutoka New York, aliinunua Cleveland Browns mwaka 1961 kwa takriban dola milioni 4. Ndiye aliyekaa kwa miaka mingi kwenye kamati ya televisheni ya ligi na kusaidia kuzaliwa kwa mechi za Jumatatu usiku. Al Davis alipotaka kuhama, Modell alikuwa upande wa ligi, akitetea uaminifu kwa miji. Ubingwa pekee Browns waliopata chini yake ulikuwa wa Desemba 1964, walipowafunga Baltimore Colts 27 bila jibu. Walicheza kwenye uwanja wa Manispaa uliofunguliwa mwaka 1931 ufukweni mwa Ziwa Erie, jitu la karibu viti 80,000 lililopigwa na upepo wa baridi kutoka pande zote. Katika miaka ya 1970 Modell aliukodi wote kutoka kwa mji, akajifanya mwenye nyumba. Timu ya besiboli, wakati huo ikiitwa Indians, ikawa mpangaji wake.

Mei 1984, wiki chache baada ya malori ya Mayflower, wapiga kura wa kaunti ya Cuyahoga walikataa kwa wingi kodi ya majengo kwa ajili ya uwanja wenye paa. Mwaka 1990 walirudishiwa swali likiwa limevalishwa nguo nyingine: kodi ndogo kwenye pombe na sigara, ambayo watu waliibatiza kodi ya dhambi. Wakazi wa mji wenyewe waliikataa, wa vitongojini wakaikubali, ikapita kwa zaidi kidogo ya asilimia 51. Ndivyo wavuta sigara wa Cleveland walivyokuja kujenga uwanja wa besiboli na ukumbi wa mpira wa kikapu, vyote vikafunguliwa mwaka 1994. Modell alikuwa amekataa kujiunga na mradi huo. Indians walipohama mitaa michache tu kutoka kwake, kodi yao ya pango ikaondoka nao, na yeye akabaki na jengo bovu na madeni ya benki.

Hapa sheria ya kodi ya mwaka 1986 inastahili kutajwa, kwa sababu ni mfano wa mtego uliomnasa aliyeutega. Hati fungani za miji hazitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, hivyo mkopo wake huwa wa bei nafuu. Wabunge mjini Washington, wakitaka kuzuia nafuu hiyo isiishie kwa matajiri wa michezo, waliweka sharti: hati zibaki na msamaha ikiwa si zaidi ya asilimia 10 ya deni inalipwa kwa mapato ya uwanja wenyewe. Walidhani hakuna mji utakaokubali kujenga kisha usidai pango. Miji ikakubali. Ili kupata mkopo wa nafuu, mji ulilazimika kumdai mpangaji kidogo, au usimdai kabisa, na deni likabebwa na mla kuku, mvuta sigara, mcheza bahati nasibu.

Mkataba ambao John Moag, mwenyekiti wa mamlaka ya viwanja ya Maryland, alimwekea Modell ulikuwa zao la hali hiyo. Uwanja mpya wa dola milioni 200, miaka 30 bila pango, mapato yote ya tiketi, maegesho, vyakula na matangazo ni ya timu. Juu yake, hadi dola milioni 75 za gharama za kuhama, zitakazopatikana kwa kumtoza shabiki ada ya kupata tu haki ya kununua tiketi ya msimu. Mfanyabiashara wa Kariakoo angeitambua ada hiyo bila kufundishwa: ni kilemba. Ulipie kwanza ruhusa ya kuwa mpangaji, kisha ndipo uanze kulipa pango. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 27, 1995, ndani ya ndege binafsi iliyoegeshwa uwanja wa ndege wa Baltimore. Ni uwanja uleule ambao Irsay alikuwa ameutumia kukana.

Novemba 6 Modell alipanda jukwaani kwenye maegesho ya Camden Yards, karibu na gavana Parris Glendening, akatangaza. Siku iliyofuata, Novemba 7, wapiga kura wa Cuyahoga walikuwa na miadi waliyopangiwa kabla: je, kodi ya dhambi iongezwe muda ili kukusanya dola milioni 175 za kuukarabati uwanja wa Browns? Asilimia 72 walisema ndiyo. Walisema ndiyo kwa timu iliyokuwa imeshaondoka jana yake. Sijui kura nyingine iliyopigwa kwa uchungu wa namna hiyo. Haikuwa hesabu tena, ilikuwa ushahidi wa kuwaonyesha watu kwamba sisi hatukumfukuza.

Kocha wa timu hiyo, kijana mkimya aitwaye Bill Belichick, alimaliza msimu huku matangazo ya wadhamini yakifunikwa uwanjani. Desemba 17 Browns walicheza nyumbani mara ya mwisho, wakaifunga Cincinnati 26 kwa 10. Mashabiki walikuja na misumeno na spana, wakang'oa viti safu kwa safu, wakaondoka navyo mabegani.

Meya wa Cleveland, Michael White, hakubaki kuhuzunika kama Schaefer; alikwenda mahakamani akiwa na mkataba wa pango uliokuwa na miaka mitatu zaidi, na akawaleta mashabiki kupiga kelele mbele ya kila mkutano wa ligi. Februari 1996 NFL ilisalimu amri kwa namna ambayo haikuwahi kutokea: Modell aondoke na wachezaji na mikataba, lakini jina, rangi na kumbukumbu zote za Browns zibaki Cleveland, na timu mpya ije mwaka 1999. Lile swali la jaji wa 1985, timu iko wapi, lilipata jibu jingine. Mwili ulikwenda Baltimore, jina likabaki Ohio. Ila jibu hilo halikuwa la bure, kwani Cleveland ilitakiwa kujenga uwanja mpya palepale ufukweni, uliogharimu zaidi ya dola milioni 280, kwa kodi ileile ya dhambi. Jengo la 1931 lilibomolewa, na vifusi vyake vikazamishwa Ziwa Erie ili samaki wapate maficho. Bunge la Ohio nalo lilipitisha sheria, watu wakaiita kwa jina la Modell: timu iliyonufaika na fedha za umma isihame bila notisi ya miezi sita na bila kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua.

Baltimore iliiita timu yake Ravens, kwa heshima ya kunguru wa shairi la Edgar Allan Poe, aliyezikwa mjini humo. Bendi ikapata timu. Januari 2001, msimu wa tano tu, Ravens walitwaa ubingwa wa nchi, Modell akainua kikombe ambacho Cleveland haijakigusa mpaka leo. Jimboni kwa Schaefer hakuna aliyeuliza kikombe hicho kilikuwa cha nani.

Na zile timu mbili zilizobadilishwa mwaka 1972 kama mashati? Rosenbloom alizama baharini mwaka 1979, mjane wake akaipeleka Rams St. Louis mwaka 1995, kwenye ukumbi uliojengwa kwa fedha za umma na kwa mkataba ulioitaka St. Louis iutunze uwe miongoni mwa bora kabisa nchini. Haukuwa. Mwaka 2016 Rams walirudi Los Angeles, ukumbi ukabaki na deni. Baada ya kesi ndefu ligi na wenye timu walikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 790. Indianapolis, mshindi wa usiku wa malori, haikupona. Lile jumba la paa la hewa lilivunjwa mwaka 2008 likiwa na umri wa miaka 24 tu, kwa sababu Colts walitaka jingine. Jipya lilijengwa kwa karibu dola milioni 720, timu ikachangia 100. Safari hii kodi ya mikahawa ilivuka hadi kaunti za jirani.

Cleveland imerudi kwenye habari. Wenye Browns wa sasa, familia ya Haslam, wameamua kuihamishia timu Brook Park, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege, kwenye jengo lenye paa lililokadiriwa kugharimu dola bilioni 2.4. Mji ulijaribu kuitumia sheria ya Modell. Bajeti ya Ohio ya mwaka 2025 ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ilitenga dola milioni 600 kwa ajili ya uwanja huo kutoka kwenye fedha zisizodaiwa, yaani akaunti za benki zilizosahauliwa, hundi ambazo hazikuchukuliwa, amana za marehemu ambao ndugu zao hawajajua, na ikaibadilisha sheria ya Modell ili imguse tu anayeihamisha timu nje ya jimbo. Oktoba mwaka huohuo mji ukakubali yaishe kwa takriban dola milioni 100. Uwanja wa ufukweni, ule wa wavuta sigara, utabomolewa. Makubaliano yanasema gharama ya kuubomoa italipwa na wenye timu.